Ridhaa ya Mwenye Shida: Maswali ya Wasomaji kuhusu Maadili

Barua tulizochagua kwa toleo hili zimetoka miji tofauti na kwa watu wa kazi tofauti, lakini karibu zote zinazunguka swali moja: mtu aliyebanwa na shida akisema "nimekubali", je, kukubali huko kunatosha kumhalalishia upande wa pili anachokifanya? Nimezijibu kwa kutumia nadharia za maadili. Sidhani kwamba ipo nadharia inayoweza kuamua badala yetu. Faida yake ni kwamba kila moja huuliza swali ambalo kuna mtu fulani ndani ya shauri angependa lisiulizwe.

Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu ana umri wa miaka 31 na ni dereva wa bodaboda. Alichukua mkopo wa kausha damu ili amtibu mtoto wake, deni likazaa deni, na sasa pikipiki imechukuliwa. Kuna dalali amemwambia kwamba anaweza kusafirishwa nje ya nchi akatoe figo moja, alipwe fedha zitakazomaliza deni na kubakiza mtaji. Wazazi wanalia, lakini yeye anasema mwili ni wake, hamwibii mtu, na kuna mgonjwa atakayeokoka. Nimejaribu kumpinga nikakosa hoja. Je, hoja ipo, au tunamzuia kwa kuwa tu jambo lenyewe linatutisha?
*Mdogo wake, Morogoro*

Marahaba. Nianze na jambo lisilohitaji falsafa. Mtu anayewatafuta wenye madeni mitaani na kuwaahidi safari ya nje ili watolewe figo anafanya magendo ya viungo vya binadamu, na Azimio la Istanbul la mwaka 2008, lililotungwa na wataalamu wa upandikizaji kutoka nchi nyingi, linataka biashara ya namna hiyo ipigwe marufuku. Kaka yako akiondoka na dalali huyo hatakuwa na mkataba anaoweza kuupeleka mahakamani, wala daktari wa kumrudia kidonda kikifanya usaha. Hata hivyo wewe umeuliza kuhusu hoja. Ipo, lakini kwanza tuitendee haki hoja yake yeye.

Kaka yako amesema mambo mawili, na yote mawili yana wazee wake katika falsafa. Anaposema mwili ni wake, anasema jambo ambalo Mwingereza John Stuart Mill alilitetea mwaka 1859: kwamba jamii haina haki ya kumzuia mtu mzima isipokuwa kwa kuwakinga wengine na madhara, na kwamba faida ya mtu huyo mwenyewe si sababu ya kutosha ya kumlazimisha. Anaposema kuna mgonjwa atakayeokoka, anaingia katika nadharia ya matokeo, ambayo Mwingereza mwingine, Jeremy Bentham, aliijenga na Mill huyo huyo akaiendeleza, na ambayo hupima tendo kwa furaha na maumivu yanayowafikia wote wanaoguswa nalo. Mgonjwa huyo yupo kweli. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na gharama yake huifilisi familia. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini mwezi Novemba 2017, na tangu hapo ndugu wamekuwa wakiwapa ndugu zao. Lakini si kila mgonjwa ana ndugu anayelingana naye, na si kila ndugu yuko tayari. Anayemwambia kaka yako kwamba anawaza upuuzi hajawahi kukaa katika chumba cha mashine hizo.

Lakini nadharia ya matokeo ina masharti, na la kwanza ni kwamba matokeo yahesabiwe jinsi yalivyo, si jinsi dalali anavyoyasimulia. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu watu 305 wa mji wa Chennai, nchini India, waliokuwa wameuza figo. Asilimia 96 kati yao waliuza ili walipe madeni, kama anavyokusudia kaka yako. Kwa wastani walipokea dola 1,070. Walipohojiwa miaka kadhaa baadaye, kipato cha familia zao kilikuwa kimeshuka kwa theluthi moja. Karibu robo tatu ya wale waliouza kwa ajili ya madeni walikuwa bado wanadaiwa. Asilimia 86 walisema afya yao imezorota. Na asilimia 79 walisema wasingemshauri mtu mwingine auze. Zisome takwimu hizo ukimfikiria dereva wa bodaboda, ambaye kutwa nzima hula kwa nguvu za mgongo na mikono yake. Akipasuliwa na watu ambao hawatamfuatilia hata wiki moja baada ya kidonda kufungwa, atakuwa amepoteza chombo chake cha kazi kwa mara ya pili, baada ya pikipiki.

Wapo watakaojibu kwamba kosa ni la magendo, si la uuzaji wenyewe, na wataitaja Iran, ambako tangu mwaka 1988 malipo kwa anayetoa figo yameruhusiwa chini ya utaratibu unaosimamiwa. Ni jibu zito, na nadharia ya matokeo ikiwa peke yake haiwezi kulikataa moja kwa moja, kwa sababu ikithibitishwa kwamba chini ya usimamizi mzuri muuzaji hadhuriki na mgonjwa anapona, italazimika kukubali. Ndiyo maana sipendi kuiachia nadharia hiyo shauri zima.

Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba vitu vyote vina ama bei au hadhi: chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani ileile, na chenye hadhi hakina cha kushika nafasi yake. Binadamu, kwa maelezo yake, ana hadhi, na kwa hiyo haifai kamwe kumtumia kama chombo tu. Mwaka 1797 akaligusa jambo linalokaribia sana la kaka yako, kwa kuwa katika karne hiyo madaktari wa Ulaya walikuwa wakijaribu kuhamisha meno ya maskini kuyatia katika vinywa vya matajiri; akasema kwamba kutoa au kuuza jino lako ili lipandikizwe katika taya la mwingine ni namna ya kujiua nusu. Kwa maoni yangu Kant alikosea kuweka kutoa na kuuza katika fungu moja. Dada anayempa kaka yake figo hajishushi. Ameutumia mwili wake kutimiza lengo alilolichagua yeye, na anayepokea anamjua, atamwuguza, na atabaki na deni la upendo kwake maisha yote. Palipo na dalali hakuna hata moja kati ya hayo. Kaka yako hatafutwi kwa sababu ya yeye ni nani. Anatafutwa kwa sababu ana deni na kundi la damu linalofaa, na figo ikishatoka hakuna atakayemhitaji tena. Kutumiwa kama chombo tu ni huko.

Bado atasema kwamba amekubali mwenyewe, na hapa ndipo penye fundo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilijadili fundo hilo kwa mfano wa nahodha anayetosa shehena baharini wakati wa tufani. Je, anatosa kwa hiari? Kwa upande mmoja ndiyo, kwa kuwa mkono ni wake na uamuzi ni wake. Kwa upande mwingine hapana, kwa kuwa hakuna nahodha mwenye akili timamu anayetupa mali kwa kupenda. Aristotle aliona matendo ya aina hiyo ni mchanganyiko, ingawa yanaegemea zaidi upande wa hiari. Nakubaliana naye, na ndiyo maana simwoni kaka yako kuwa mtu asiye na akili ya kuamua: akili anayo, na anaitumia katikati ya tufani. Lakini ningeongeza swali ambalo Aristotle hakuliuliza hapo: ni nani aliye katika mashua ya pembeni akiokota shehena inayotoswa, na je, huyo angependa tufani itulie? Mkopeshaji wa kausha damu na dalali wa figo huenda hawajawahi kuonana, lakini kazi ya mmoja ndiyo inayomtengenezea mwingine watu wa kuwarubuni. Ridhaa ya kaka yako inaweza kumwondolea lawama yeye. Wao haiwaondolei. Na Mill, ambaye kaka yako angemtegemea kama wakili, aliweka mpaka katika kitabu kilekile cha 1859: mtu hawezi kujiuza utumwani kwa jina la uhuru, kwa sababu kwa tendo hilo moja anautupa uhuru wenyewe. Sisemi kwamba kuuza figo ni sawa na utumwa. Nasema kwamba hata mtetezi mkubwa wa hiari alijua kuna "ndiyo" ambazo jamii hailazimiki kuziheshimu.

Kwa hiyo acheni kubishana naye kuhusu mwili ni wa nani, mshughulikieni deni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mwombeni aliyechukua pikipiki awaonyeshe leseni yake na nakala ya mkataba, na akishindwa, lipelekeni jambo hilo kwa watoa msaada wa kisheria na polisi. Kisha familia ikae kikao ijue kila mmoja ataweka nini mezani, maana ni vigumu kumwomba mtu asiuze figo huku mkimwachia deni peke yake.

Hujambo Mwalimu. Mwaka 2023 watu wengi walipanga foleni KICC na kwingineko hapa Nairobi, wakakubali mboni zao zichanganuliwe na kifaa cha mradi wa Worldcoin, nao wakapewa tokeni, yaani sarafu za kidijitali, zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Mimi sikwenda, lakini tumebishana chuoni hadi leo. Wenzangu wanasema hakuna aliyeumizwa: hakuna kilichokatwa mwilini, na mtu alirudi nyumbani na pesa. Ubaya uko wapi hasa?
*Mwanafunzi wa sheria, Nairobi*

Sijambo. Wenzako wanatumia kanuni ya madhara, ile ya Mill niliyoitaja katika jibu la kwanza, lakini wanayatafuta madhara mahali pamoja tu, kwenye nyama na mifupa. Nenosiri likiibiwa utalibadilisha jioni hiyo hiyo, na kadi ya benki ikipotea utaletewa nyingine. Mboni huna nyingine. Taarifa yake ikihifadhiwa vibaya au ikiingia mikononi mwa mtu usiyemjua, hatari hiyo utaishi nayo hadi mwisho, na hutajua siku itakapokufikia. Nadharia ya matokeo inadai tuhesabu pia hatari zisizoonekana leo, na ni hapo ambapo mtu mwenye njaa ya leo ana udhaifu mkubwa zaidi mbele ya anayemnunua, kwa kuwa shilingi 7,000 zipo na hatari haipo bado. Mwenye njaa hana miiko, walisema wazee, na kampuni inayopanga bei yake kwa kuitegemea njaa hiyo haiwezi kujificha nyuma ya mwenye njaa.

Sitaki kuwaonea waanzilishi wa mradi. Walieleza, na Sam Altman akiwa miongoni mwao, kwamba wanataka kumpa kila mtu uthibitisho wa kuwa ni binadamu wakati programu za kompyuta zinazidi kuiga watu, na hilo si lengo baya. Wala sioni kwamba malipo peke yake ni dhambi. Wengi wetu huamka alfajiri kwenda kazini kwa sababu ya mshahara, na hatusemi tumelazimishwa. Kosa huanza pale malipo yanaposhika nafasi ya maelezo. Kipimo cha Kant hapa ni rahisi kukitumia: je, anayetoa anaweza kulifanya lengo la anayepokea kuwa lake pia? Hawezi, ikiwa hajui ni nini kinachochukuliwa, kinapelekwa wapi, na kitakaa huko kwa muda gani. Watu wengi waliohojiwa na vyombo vya habari katika foleni zile walisema wazi kwamba wamefuata pesa na hawakujua zaidi. Ridhaa ya namna hiyo ni ya kupokea pesa. Ya kutoa taarifa bado haijatolewa.

Kuna njia nyingine ya kuliangalia, ambayo mwanafalsafa wa Marekani John Rawls alitufundisha mwaka 1971. Jifikirie unatunga kanuni za ukusanyaji wa taarifa za miili ya watu huku hujui kama utazaliwa California au Kayole, kama utakuwa mwenye kampuni au mwenye foleni. Je, ungekubali kanuni inayoruhusu majaribio makubwa yaanzie mahali ambapo pesa kidogo hununua watu wengi? Ni muhimu kujua kwamba wakati mradi ulipozinduliwa mwezi Julai 2023, tokeni zenyewe hazikutolewa kwa wakazi wa Marekani kwa sababu za kisheria. Kitu ambacho wenye nacho hawakuweza kukigawa kwao kiligawiwa kwenu, na wakati serikali ya Kenya iliposimamisha shughuli hizo mwezi Agosti mwaka huo, zaidi ya watu 350,000 walikuwa wameshasajiliwa. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo zifutwe, ikiona kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilikiukwa. Wewe unayesomea sheria utaona kwamba wajibu uliwekwa juu ya aliyekusanya, na aliyepanga foleni hakushtakiwa kwa lolote. Naona mahakama ilielekeza macho panapostahili.

Assalaam alaykum Mwalimu. Ninafundisha sekondari, na kila nikisoma safu hii nakutana na Wajerumani na Waingereza. Je, sisi hatuna cha kupimia mambo haya?
*Mwalimu, Tanga*

Wa alaykumu ssalaam. Tunacho, na ni kosa kukiacha kabatini. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kwamba sheria ya Kiislamu inakusudia kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria hiyo, nao wana kanuni isemayo kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara, ambayo inaingia moja kwa moja katika barua ya Morogoro, kwa kuwa mgonjwa anaponywa kwa kumjeruhi mdaiwa. Kwa misingi ya namna hiyo Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah liliamua mwaka 1988 kwamba kutoa kiungo kwa masharti maalumu kunaruhusiwa, na kukiuza hakuruhusiwi. Utaona kwamba limeitenganisha zawadi na biashara, jambo ambalo Kant hakulifanya.

Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki mwaka 2022, alifundisha kwamba kiini cha maadili ni kujiweka katika nafasi ya mwingine kwa huruma na bila upendeleo, na wasomaji wetu wataitambua hapo maana ya usemi wetu kwamba mtu ni watu. Lakini nikuombe, ukifundisha utu darasani, ufundishe pia unavyoweza kupindishwa. Nimesikia ukoo ukimshinikiza binti ampe figo mjomba wake kwa kumwambia kwamba akikataa hana utu. Pale nilitamani Kant angekuwapo kikaoni, awaulize wazee kama binti yule ni mwanaukoo au ni ghala la vipuri.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Mama yangu mdogo ana kisukari, na ameombwa ashiriki majaribio ya dawa mpya. Ameelezwa kwamba nusu ya washiriki watapewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, na hakuna atakayejua yuko kundi gani. Darasani tumefundishwa kwamba bila kundi la kulinganisha hakuna ushahidi. Lakini nikifikiri kwamba anaweza kumeza kidonge kitupu kwa miezi mingi, naona kama anadanganywa. Nimshauri nini?
*Mwanafunzi wa uuguzi, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Hadanganywi ikiwa ameambiwa, na umesema ameambiwa. Lakini wasiwasi wako una historia ndefu katika mji huo huo unaosomea, na nitakueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu manesi na wakunga wa Dar es Salaam na Kampala walikuwa ndani yake.

Mwaka 1994 ilithibitishwa Marekani na Ufaransa kwamba dawa ya AZT, mama mwenye VVU akipewa wakati wa ujauzito na uchungu na mtoto akipewa baada ya kuzaliwa, hupunguza maambukizi kwa mtoto kwa theluthi mbili hivi, kutoka asilimia 25.5 hadi asilimia 8.3. Utaratibu huo uligharimu takriban dola 800 kwa kila mama, ulikuwa mrefu, na ulihitaji dawa ya mshipani wakati wa kujifungua. Wizara za afya za Afrika na Asia hazikuweza kuumudu. Kwa hiyo yalianzishwa majaribio ya utaratibu mfupi na wa bei nafuu, na katika mengi kati yake kundi moja la akina mama lilipewa kidonge kisicho na dawa, ambacho watafiti hukiita plasebo. Mojawapo lilifanyika Tanzania, Uganda na Afrika Kusini kwa uratibu wa shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Marekani, Peter Lurie na Sidney Wolfe, waliandika kwamba majaribio hayo yanakiuka maadili, kwa sababu dawa inayofaa tayari inajulikana na hakuna ambaye angethubutu kumpa plasebo mama wa Marekani. Wengine wakalinganisha na Tuskegee, huko huko Marekani, ambako kati ya 1932 na 1972 wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kujulikana.

Watetezi walijibu kwa nadharia ya matokeo, na jibu lao halikuwa la watu wasiojali. Walisema kwamba mama wa Kampala hakuwa akipewa AZT hata kabla ya utafiti, kwa hiyo plasebo haikumnyang'anya chochote. Kwamba kulinganisha na plasebo huleta jibu la haraka kwa watu wachache zaidi, na kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa na watoto wake. Na kwamba akina mama wetu hunyonyesha na wengi wana upungufu wa damu, hivyo matokeo ya Marekani yasingeweza kuhamishwa tu jinsi yalivyo. Dakta Edward Mbidde wa Uganda aliandika kuzitetea tafiti hizo akisisitiza kwamba ni za Waganda, zinafanywa na watafiti wa Uganda kwa ajili ya Waganda. Hoja yake ni nzito, kwa kuwa kuna namna ya kumlinda Mwafrika ambayo humnyima kauli.

Mimi naona mfano wa Tuskegee ulizidishwa, kwa sababu wale wanaume walifichwa, na akina mama hawa waliombwa ridhaa. Lakini hoja ya kwamba "asingepata dawa hata hivyo" inanisumbua mpaka leo. Ukiifuata hadi mwisho, inamaanisha kwamba kadiri mtu anavyonyimwa zaidi na dunia, ndivyo mtafiti anavyodaiwa kidogo zaidi kwake. Umaskini wake unageuka kuwa kibali. Nadharia ya matokeo inaweza kulipita jambo hilo bila kuliona, kwa kuwa inahesabu watoto waliookoka na haiulizi ni kwa nini mlango wa kuanzia ulikuwa chini kiasi kile. Anayeliona haraka ni yule anayeuliza kuhusu wajibu: mimi ninayesimama mbele ya mama huyu nikiwa na maarifa niliyo nayo, namdai yeye ashiriki, je, yeye ananidai nini?

Mwezi Februari 1998 matokeo ya Thailand yalionyesha kwamba utaratibu mfupi wa AZT hupunguza maambukizi kwa nusu, kutoka asilimia 18.9 hadi 9.4, na plasebo ikaondolewa katika majaribio mengine, likiwemo lile la Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Kampala ikaleta habari kubwa kuliko zote: nevirapini, dozi moja kwa mama wakati wa uchungu na dozi moja kwa mtoto, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu ikilinganishwa na AZT ya muda mfupi, na ulinganisho huo ulikuwa wa dawa kwa dawa. Kwa hiyo ilidhihirika kwamba ushahidi unaweza kupatikana bila mtu kumeza kidonge kitupu, ingawa watetezi wa plasebo watakukumbusha, na wana haki, kwamba ushahidi huo ulijengwa kwa sehemu juu ya tafiti zilizokuwa nayo. Mwaka 2000 Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilitunga mara ya kwanza mwaka 1964, lilirekebishwa likabana zaidi matumizi ya plasebo na kutaka washiriki wapate tiba iliyothibitika baada ya utafiti kwisha.

Kwa mama yako mdogo, basi, swali la kwanza ni hili: je, ataendelea na dawa zake za kawaida? Katika majaribio mengi ya kisukari kila mshiriki huendelea na tiba aliyoizoea, na kinachoongezwa juu yake ndicho huwa ama dawa mpya au plasebo. Ikiwa ni hivyo, hana anachopokonywa, na anaweza kushiriki kwa moyo mweupe kama anapenda. Ikiwa anaambiwa aache dawa zake ili ameze kidonge kisichojulikana, mshauri akatae, na wewe kama mwuguzi mtarajiwa uulize ni kamati gani iliyoidhinisha jambo hilo. Aulize pia sukari ikipanda atahudumiwa na nani na kwa gharama ya nani, na kama dawa hiyo ikifaulu ataendelea kuipata au itasajiliwa na kuuzwa mahali asipoweza kufika. Nauli anayorudishiwa ni haki yake. Lakini wakianza kutaja fedha kabla ya kutaja hatari, asimame hapo kwanza. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na kliniki yake ya kawaida haipaswi kumtendea tofauti kwa hilo. Nakala ya fomu ya ridhaa aende nayo nyumbani muisome pamoja kabla hajatia saini. Ndani yake pawe na namba ya simu ya kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti, ikiwa ni kamati ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu au ya chuo husika, tofauti na namba za watafiti wenyewe. Ikikosekana, arudishe fomu ikiwa tupu mpaka iwekwe.